Kabla ya Kupandisha Ghorofa, Chimba Shimo: Majibu kwa Wasomaji

Tangu mvua zikatike, maswali yanayonifikia kutoka Tabora na Kigoma yamekuwa ya jambo moja. Msomaji ana nyumba ya matofali iliyojengwa na wazazi, na ana picha kwenye simu yenye kuta nyeupe, madirisha mapana na bati lisiloonekana, ile inayoitwa kontempo, naye anataka ya pili ikae juu ya ya kwanza. Nimechagua maswali saba. Waliouliza bei ya bati wamwulize muuza bati.

Msomaji wa Cheyo, Tabora: Shikamoo. Nyumba ya marehemu baba ilijengwa mwaka 1981 kwa matofali ya kuchoma na haina ufa hata mmoja. Fundi amegonga ukuta kwa nyundo akasema utabeba ghorofa moja bila wasiwasi. Nianze na nini, ramani au vifaa?

Marahaba. Usianze na ramani wala vifaa, anza na shimo. Chagua pembe mbili za nyumba na sehemu moja kando ya ukuta wa ndani unaobeba kenchi, yaani mbao za paa, uchimbe taratibu pembeni mwa ukuta, si chini yake, mpaka uone mahali msingi unapoishia. Shimo liwe jembamba, na lifukiwe na kushindiliwa ukishamaliza kupima. Hapo utajua kina cha msingi, upana wake, mawe yake yameshikwa na nini, na udongo uliolala chini yake ni wa namna gani. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mwite mhandisi kabla hujamwita mtu mwingine yeyote.

Kisha ingia ndani na msumari mrefu. Bandua lipu sehemu ndogo, ukwangue kiungo kati ya tofali na tofali. Msumari ukizama kwa urahisi na vumbi jekundu likamwagika, ukuta wako umejengwa kwa udongo, na saruji iko kwenye lipu peke yake. Sitashangaa. Mwaka 1981 saruji ilikuwa kitu cha kibali na foleni, na wazee wetu waliokuwa na mifuko michache waliitumia pale mvua ingegusa, yaani lipu ya nje na sakafu. Hawakukosea, kwa sababu nyumba waliyoikusudia ilikuwa ya kubeba bati na kenchi, mzigo usiofika kilo 50 kwa kila mita ya mraba.

Sasa hesabu unachotaka kuuongezea ukuta huo. Zege lenye nondo lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, hivyo slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya unene wa sentimita 15 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba kimoja cha mita 4 kwa 4 kinabeba karibu tani 6. Nyumba ya mita 12 kwa 10 inabeba zaidi ya tani 40, sawa na malori sita ya tani 7 yaliyoegeshwa juu ya linta, ule mkanda wa zege ulio juu ya madirisha, na bado hujajenga ukuta wa juu, hujaweka vigae, hujaingiza kabati wala wageni wa arusi. Kusema kwamba nyumba haina ufa ni kusema tu kwamba haijawahi kuulizwa swali zito. Na nyundo ya fundi haisomi msingi, inasoma lipu.

Mhandisi akishaona mashimo hayo anaweza kukupa majibu matatu: ukuta unafaa kwa sakafu nyepesi ya mbao au chuma, ukuta haufai, lakini ghorofa inaweza kusimama kwa nguzo zake yenyewe, au bomoa ujenge upya. Jibu la tatu huwaudhi watu, ingawa mara nyingine ndilo la bei nafuu.

Hukuniuliza, lakini nitakwambia. Umesema nyumba ni ya marehemu baba, hukusema ni yako. Kama mirathi haijafungwa na hati bado ina jina lake, ghorofa utakayoijenga itakuwa imekaa juu ya mali ya ndugu zako wote, na siku ya kugawana hakuna atakayeishusha uondoke nayo. Kaeni kikao, msimamizi wa mirathi awepo, muandikiane.

Msomaji wa Ng'ambo, Tabora: Ghorofa moja inakula matofali mangapi na mifuko mingapi ya saruji?

Hili limeulizwa kila mara nilipoandika habari za ujenzi, na kila mara bila vipimo, bila ramani, bila hata idadi ya vyumba. Ghorofa ipi? Leta ramani kwa mkadiriaji majenzi.

Msomaji wa Ujiji, Kigoma: Fundi wetu anashauri tukate kuta za zamani kwenye kila pembe, tupitishe nguzo za zege zenye nondo za milimita 12, kisha tumwage slabu juu ya kuta na nguzo kwa pamoja. Je, hapo hatutakuwa salama?

Nusu ya ushauri huo ni mzuri na nusu ya pili inaharibu ya kwanza. Nguzo ni wazo sahihi, kwa kuwa ukuta wa zamani unapaswa kuachiwa mzigo wake wa zamani. Lakini slabu ikimwagwa ikalala juu ya nguzo na ukuta kwa pamoja, ukuta utabeba sehemu yake upende usipende, na nguzo mpya zikitulia kidogo ardhini, kama nguzo zote mpya zinavyotulia, ukuta ulioshamaliza kutulia miaka 40 iliyopita ndio utakaopokea uzito wote kwa ghafla. Nguzo ianzie ardhini kwenye kitako chake cha zege, ambacho upana wake unatokana na nguvu ya udongo uliopimwa. Ipande hadi kwenye bimu, boriti ya zege inayolala juu ya nguzo. Bimu ibebe slabu. Na kati ya bimu na kichwa cha ukuta wa zamani iachwe nafasi inayojazwa kitu laini. Ukuta wa chini ubaki kuwa pazia. Kuhusu milimita 12, hilo ni jibu la mazoea. Unene wa nondo, idadi yake na umbali kati ya ringi zinazozifunga hukokotolewa, hazirithiwi kutoka jengo la jirani.

Namna ya kuchimba ina hatari yake pia. Vitako vya nguzo huwa na kina kirefu kuliko misingi ya zamani, kwa hiyo mafundi wakichimba mashimo yote kwa siku moja kuizunguka nyumba, wameuondoa udongo ulioikumbatia misingi. Chimba moja, suka nondo, mwaga zege, liache likomae, ndipo uende upande mwingine wa nyumba, si shimo la jirani. Jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 lilitufundisha wote kuogopa kazi inayofanyika chini ya jengo lenye watu, na sijui tunangoja somo gani jingine.

Wewe wa Ujiji una sababu ya ziada. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la ziwa hilo. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa dogo kuliko hilo, la 5.9, na bado nyumba nyingi za matofali zisizokuwa na mikanda ya zege zilipasuka na kuanguka. Tetemeko husukuma nyumba kwa ubavu, na kadiri uzito ulivyo juu ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Mwambie mhandisi wako kwa maneno yako mwenyewe kwamba unataka tetemeko liingizwe kwenye hesabu. Akicheka, tafuta mwingine.

Msomaji wa Isevya, Tabora: Nikibandua lipu ya zamani na kupiga mpya yenye saruji nyingi, kuta hazitapata nguvu ya kubeba ghorofa?

Hapana. Lipu ni kanzu.

Msomaji wa Kitete, Tabora: Nataka ghorofa iwe na paa lililofichwa. Wengine wanasema linavuja. Ni kweli, au ni maneno ya watu?

Paa lenyewe halivuji kwa sababu limefichwa. Linavuja kwa sababu maji yake yamefungiwa ndani ya kuta nne na kuambiwa yatoke kwa tundu moja. Paa la kawaida mfereji wake ukiziba, maji humwagika uani na mama wa nyumba anakasirika. Paa lililofichwa likiziba, maji hupanda nyuma ya ukuta wa kificho, huingia chini ya bati na kushuka sebuleni. Na Tabora ni mji wa miembe. Anayeficha bati chini ya mwembe ajue kwamba amejiajiri kazi ya kufagia mfereji kila juma, na kwamba ngazi ya kufika huko juu lazima iwepo tangu siku ya kwanza. Mfereji uwe mpana kiasi cha mtu kuingiza mguu, uwe na mwinamo unaoonekana kwa macho, uwe na mabomba mawili au zaidi, na juu kidogo ya usawa wa maji liachwe tundu la dharura kwenye ukuta wa kificho, ili siku mambo yakiharibika maji yatoke nje na kukupa taarifa.

Lakini kuna jambo ambalo wauza ramani za simu hawalisemi. Nyumba ya zamani ilikuwa na bati lililotokeza nje ya ukuta, na kivuli kile ndicho kilichoilinda lipu na viungo vya udongo kwa miaka yote hii. Ukikata bati hilo na kupandisha ukuta mweupe ulionyooka kuanzia chini hadi juu, maji ya mvua yatateremka kutoka ghorofani yakiosha kuta ambazo hazikujengwa kwa kuoshwa. Acha slabu itokeze walau sentimita 60 kuzunguka nyumba, na chini ya ukingo wake uchongwe mfuo wa kudondoshea maji. Kama picha ya simu haina ukingo huo, picha ndiyo ibadilike. Unyamwezi tulikuwa na tembe zenye paa bapa kabla kontempo haijazaliwa, na waliozijenga walijua kwamba paa bapa linahitaji ukuta mnene na mtu wa kulitunza.

Msomaji wa Mwanga, Kigoma: Nina kibali cha ujenzi cha mwaka 1996. Kinatosha, au manispaa watataka kingine?

Watataka kingine, na ni haki yao. Kibali chako kiliruhusu nyumba ya chini. Peleka ramani mpya za msanifu majengo na za mhandisi, wote wawili wakiwa wamesajiliwa na bodi zao, na majina yao uyahakiki mwenyewe kwenye bodi hizo badala ya kuamini mhuri. Barua nyingine nne zimeuliza kama mtu anaweza "kuanza kidogo kidogo" huku akisubiri kibali. Sitazijibu.

Msomaji wa Chemchem, Tabora: Tunaweza kuendelea kuishi chini wakati wa ujenzi? Na nondo ambazo marehemu mume wangu aliziacha zimechomoza juu ya linta tangu 1998 kwa ajili ya ghorofa, zitumike?

Dada yangu, msikae humo. Bati litaondolewa, mirunda itasimama vyumbani, na zege la slabu linahitaji siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa, wakati wake wote likimwagiliwa na kulindwa na jua. Anzeni mwezi Mei ili mfunike kabla ya Novemba, na fedha za kupanga nyumba nyingine kwa miezi hiyo ziingizwe kwenye bajeti tangu sasa.

Kuhusu nondo, marehemu aliziacha kwa nia njema, lakini zimenyeshewa tangu 1998. Zisugue kwa brashi ya waya uone kilichobaki. Ninachohofia zaidi kuliko kutu ni zinakotoka, kwani nondo nyingi za matumaini nilizoziona mjini zimechomekwa kwenye linta tu, sentimita 30 ndani, bila nguzo yoyote chini yake. Chimbua kando ya mojawapo ufuatilie mpaka chini. Kama haifiki kwenye kitako cha zege ardhini, zikateni zote, mzibe mahali pake kwa saruji, ili fundi ajaye asizihesabu.