Nyimbo Zilezile Katika Santuri Mbili

Swali: Mhariri, shikamoo. Nimepewa santuri ya Utada Hikaru wa Japani, Single Collection Vol. 1. Mbona wimbo First Love umo, na tayari ninao katika albamu ya 1999? Msomaji, Ngamiani, Tanga.

Jibu: Marahaba. Hiyo ya 2004 ni mkusanyiko wa nyimbo 15 zilizokwisha kutolewa mojamoja tangu 1998, zikapangwa kwa mfuatano wa kutoka kwake, kuanzia Time Will Tell hadi Colors. Ndiyo maana nne za mwanzo zimo pia katika albamu uliyonayo. Usidhani umepewa kiporo, ingawa kiporo cha wali wa nazi nacho kina wenyewe: ukiusikiliza bila kuruka, utamsikia kijana wa miaka 15 akikomaa sauti hadi ishirini.