Skuta inaniangusha nikitoka lami kuingia mtaani: nifanye nini?

SWALI

Shikamoo fundi. Ninaishi Nkuhungu na kazini kwangu ni Mtumba. Nimenunua skuta ya cc 110 iliyokwishatumika, na tayari imeniangusha mara mbili pale pale: ninatoka kwenye lami, ninakata kona kuingia mtaani kwetu, tairi la mbele linakimbia na mimi niko chini. Vijana wa bodaboda kijiweni wananiambia nipunguze upepo kwenye matairi na nisiguse kabisa breki ya mbele. Wako sahihi? Halafu ikipanda mwinuko inanguruma sana lakini haiendi. Na mwisho, mwanangu wa miaka minne anaweza kusimama pale mbele ninapoweka miguu, kama ninavyoona wengine wakifanya?

Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU

Marahaba dada, na pole sana kwa maumivu. Nianze na majibu mafupi. Suala la upepo, hapana. Suala la breki ya mbele, vijana wamesema nusu ya ukweli, na ukiufuata kama ulivyo utashindwa kusimama siku lori litakapofunga breki mbele yako barabara ya Morogoro. Mtoto, hapana, na nitakueleza sababu.

Vijana hao wanakushauri kwa nia njema, ila wanazungumzia chombo kingine. Pikipiki zao za kazi zina rimu za inchi 17 au 18. Skuta nyingi ndogo zina rimu za inchi 10 au 12. Shimo ambalo pikipiki kubwa inalipita juu juu, rimu ndogo inatumbukia ndani yake, na mchanga ambao tairi refu linaupanda, tairi fupi linauchimba. Tena injini ya skuta imekaa nyuma, chini ya kiti, karibu kabisa na tairi la nyuma. Ndiyo maana usukani wake ni mwepesi na inapenya vizuri kwenye msongamano wa mtaa wa Majengo. Lakini uwepesi huohuo ukiingia nao kwenye kichanga, tairi la mbele halina uzito wa kulikandamiza. Ukigeuza usukani, linasukuma mchanga pembeni na skuta inaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda.

Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyezoea pikipiki ya gia halioni. Mwenye gia akikaribia kona anashusha gia, injini inamsaidia kupunguza mwendo. Skuta haina hilo. Ukiachia mafuta mwendo ukiwa mdogo, klachi inaachia yenyewe na chombo kinaserereka bure. Kazi yote ya kupunguza mwendo inabaki kwa breki. Sasa piga picha ya kona yako: unaachia mafuta ukidhani itapungua yenyewe, haipungui vya kutosha, unafika mchangani bado una mwendo, unashtuka, unabana breki huku usukani umeshaupinda. Tairi la mbele haliwezi kufanya kazi zote mbili, kugeuka na kusimama, juu ya mchanga. Linakimbia. Nina hakika kubwa kwamba hivyo ndivyo ulivyoanguka mara zote mbili.

Kwa hiyo breki zote zimalizike ukiwa bado kwenye lami, skuta ikiwa imesimama wima na usukani umenyooka. Washa indiketa mapema, gusa breki mara mbili tatu kidogo kidogo ili taa ya nyuma imwonye aliye nyuma yako, kisha punguza kwa breki zote mbili mpaka ufikie mwendo wa mtu anayetembea haraka. Hapo ndipo unaachia ya mbele kabisa. Ukigusa mchanga, vidole vya mkono wa kulia viwe mbali na breki, mafuta kidogo tu na ya kiwango kimoja, macho yatazame mbele unakotaka kufika, siyo chini kwenye tairi. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti na legeza mikono. Usukani utacheza cheza, uache ucheze. Ukiukaza kwa nguvu unapeleka kila mtikisiko mwilini mwako na unapoteza mhimili. Ukihitaji kupunguza mwendo ndani ya mchanga, tumia breki ya nyuma taratibu. Na mchanga ukiwa mzito, ule unaofunika kiatu, shuka uisukume huku injini ikiwa imezimwa.

Kona yenyewe usiikate kwa mlalo. Mitaa mingi ya Dodoma inapokutana na lami kuna ukingo, lami iko juu na udongo umeliwa na maji ya mvua. Tairi dogo likikutana na ukingo huo kwa pembe ndogo linatambaa nao badala ya kuupanda au kuushuka, halafu linakuangusha ghafla. Uendee ukingo ukiwa umeukabili, karibu na pembe mraba. Hili ni muhimu zaidi unaporudi lamini baada ya kusukumwa pembeni na basi: wengi huanguka si wakati wa kutoka lami bali wakati wa kuharakisha kuirudia. Punguza kwanza, geuka uikabili lami, ndipo uipande.

Nirudi kwenye breki ya mbele, maana nataka uiamini. Chombo kinapofunga breki, uzito wake na wako unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuburuzika. Juu ya lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha, ya nyuma inasaidia. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, unakata karibu mita 14 kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajiwa na breki kukusimamisha unakuwa kama mara nne. Anayetegemea ya nyuma peke yake anajiongezea mita ambazo barabarani hazipo.

Siri ni kuibana kama unavyokamua chungwa, kwa kuongeza nguvu polepole, siyo kuipiga kwa mkupuo. Tafuta uwanja mtupu wenye lami au sakafu ngumu Jumapili asubuhi, vaa kofia ngumu, viatu vya kufunika na suruali nzito. Kwa mwendo wa kilomita 20 hivi, simama kwa breki ya nyuma tu, weka alama uliposimama. Rudia kwa mbele tu, ukibana taratibu. Kisha zote mbili. Ukiona tofauti kwa macho yako mwenyewe hutahitaji mtu wa kukushawishi. Endelea hadi kilomita 30 utakapokuwa tayari.

Kabla ya hapo, hakikisha jambo moja. Kwenye baadhi ya skuta, mkono wa breki wa kushoto haubani breki ya nyuma peke yake, unabana na ya mbele kwa pamoja. Simamisha skuta kwenye sitendi ya katikati, mtu akandamize mkiani mpaka tairi la mbele lining'inie, alizungushe mwingine huku wewe umebana mkono wa kushoto. Likishikwa, basi hata hiyo unayoiita breki ya nyuma uitumie kwa upole sana mchangani.

Upepo wa matairi sasa. Kupunguza upepo kunasaidia pikipiki za porini zinazoshinda kwenye mchanga. Wewe sehemu kubwa ya safari yako ni lami, maana Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji na wewe unaanzia ng'ambo ya mji. Tairi lenye upepo mdogo linapata moto, linakula mafuta, linafanya usukani uwe mzito, na rimu yako ndogo ikipiga jiwe au ncha ya tuta inapinda. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha skuta yenyewe. Kwa kawaida la nyuma huhitaji zaidi ya la mbele, na zaidi tena ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kila wiki, kwa kipimo, siyo kwa kulibonyeza na kidole gumba.

Kuhusu barabara yako ya Mtumba kuna kitu nakiogopa kuliko mchanga, na hukuniuliza. Mtumba iko mashariki ya mji. Asubuhi unakwenda jua likiwa usoni, jioni unarudi jua likiwa usoni tena. Waendeshaji wengi hufikiria macho yao tu na kununua miwani. Mfikirie dereva aliye nyuma yako: naye analitazama jua hilohilo, na wewe mbele yake ni kitu chembamba cheusi ndani ya mwanga. Haoni rangi ya nguo yako, na indiketa yako anaweza asiione. Saa hizo usisimame ghafla, usihame upande bila kutazama vioo na kugeuza shingo, na kama unakata kulia huku magari yanakuja kwa kasi nyuma yako, ni salama zaidi kuingia pembeni kushoto, kusimama kabisa, na kuvuka pande zote zikiwa wazi. Ukiweza, ondoka nyumbani mapema kabla jua halijafika usawa huo.

Kiangazi unaongezeka upepo wetu, hasa kuanzia Juni. Mwili wa skuta una plastiki pana zinazoukamata, na lori linapokupita linaukata upepo halafu linauachia kwa mara moja. Usikae ukingoni kabisa mwa lami. Jiachie nafasi ya kuyumba pande zote mbili. Mtandio au ushungi ufunge ncha zake ndani ya koti. Mkoba usiuning'inize kwenye usukani, ukiyumba unageuza tairi.

Kunguruma bila kwenda: kwa skuta iliyotumika, namshuku kwanza mkanda. Skuta haina mnyororo wala gia za kubadilisha. Nguvu inapita kwenye mkanda wa mpira, na rola zilizo ndani ya puli ya mbele ndizo zinazobadilisha uwiano. Mkanda ukilika au rola zikichongeka upande mmoja, injini inapiga kelele na mwendo haupandi, na mwinuko ndio unaolifichua tatizo. Mwambie fundi afungue kifuniko cha upande wa kushoto, atazame mkanda kama una nyufa na aupime upana wake dhidi ya kipimo cha mtengenezaji, atazame rola na viatu vya klachi. Usisubiri ukatike, kwa sababu ukikatika injini itawaka vizuri na skuta haitasogea hata hatua, labda saa mbili usiku njia ya Ihumwa.

Kama sauti ni nzito badala ya kunguruma, na inakula mafuta, mtazame kichujio cha hewa. Vumbi la Dodoma linakiziba haraka kuliko kitabu kinavyotarajia. Kikague katika nusu ya umbali ulioandikwa. Cha sponji kinaoshwa na kupakwa oili upya. Cha karatasi iliyolowekwa mafuta kiwandani hakioshwi wala hakipulizwi kwa kompresa, kinabadilishwa. Na kwa kuwa injini nyingi za namna hii hupozwa na feni iliyofunikwa na plastiki, asafishe pia vumbi na nyasi zilizoganda hapo.

Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, lami inakuwa na utelezi mkubwa mwanzoni mwa mvua ile ya kwanza, vumbi na oili ya miezi yote vikichanganyika na maji. Subiri chini ya paa la sheli mpaka mvua ioshe. Maji yakituama mtaani na huoni chini, usiingie. Mkanda ukilowa unateleza, na injini ikivuta maji kwenye kichujio kisha ukaendelea kupiga stata, unaweza kuiua. Ikizimika majini, isukume nje na usiiwashe mpaka kichujio kimetazamwa.

Mtoto. Najua usafiri wa asubuhi ni mgumu na shule haisubiri. Lakini mtoto aliyesimama mbele yako hana cha kumzuia. Ukifunga breki kifua na uso wake vinakwenda kwenye usukani, na wewe kwa nyuma unamkandamiza. Akishika usukani anaugeuza bila kujua. Na uzito wake hausaidii tairi la mbele kama wengine wanavyodai, kwa sababu anasogea kila unapogusa breki. Kumweka nyuma pia bado: ngoja mpaka miguu yake ifike kwenye vikanyagio vya abiria akiwa amekaa vizuri, aweze kukushika kiunoni bila kukumbushwa, na awe na kofia ngumu ya saizi yake inayofungwa kidevuni. Kwa miaka minne hajafika huko. Kwa sasa mpeleke kwa daladala au kwa miguu, au patana na jirani mwenye bajaji awakusanye watoto wa mtaa kwa bei ya mwezi.