Ujira wa Kuwachagulia Vijana Mavazi, na Matabishi ya Wenye Maduka

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe wetu. Mimi ni mwanamke Mwislamu, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kuwachagulia vijana mavazi. Wananijia wasichana na wavulana, wengi wa miaka 15 hadi 25: huyu anakwenda kutetea kazi yake ya mwisho chuo kikuu, yule ana harusi ya dada yake, mwingine anataka tu apendeze. Naongozana nao sokoni mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi na katika maduka ya mjini, naweka picha zao kwenye WhatsApp, nao wananilipa. Wenye maduka hunipa matabishi, yaani bakshishi, kwa kila mteja ninayempeleka, na wateja hawajui. Baadhi ya vijana si Waislamu, na wengine huja bila wazazi wao kujua. Je, riziki hii ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Dada yetu, asili ya kazi yako ni halali. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Aaraf, aya ya 32: "Sema: Ni nani aliyeharimisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake?" Na katika hadithi ya Ibn Masud iliyopokewa na Muslim, mtu mmoja alisema kwamba mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, na Mtume (S.A.W.) akajibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kumsaidia kijana aonekane nadhifu siku ya kutetea kazi yake ni msaada mzuri, na ujira wake ni halali, mradi kazi na malipo vijulikane kabla hamjatoka nyumbani. Acheni maneno ya "utanipa utakachojaliwa", kwa kuwa hayo ndiyo yanayozaa ugomvi siku kijana anapofika kwao na gauni asiloliridhia.

Lililonishughulisha zaidi katika swali lako ni hayo matabishi, nawe umeyataja kwa sentensi moja tu. Kijana anapokulipa ili umchagulie, umekuwa wakili wake, na wakili ni mwenye amana, hana ruhusa ya kujipatia faida ya siri katika jambo alilotumwa. Mwenye duka anapokupa dola mbili pembeni, mara nyingi hazitoki mfukoni mwake; amekwisha kuzitia katika bei ya kiatu, au ameacha kumpunguzia kijana kiasi ambacho angempunguzia. Tena nafsi ni dhaifu: leo utampeleka mteja kwa mwenye nguo bora, kesho utampeleka kwa anayetoa zaidi, na utajiaminisha kwamba umemchagulia vizuri. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye aliporudi akasema: hizi ni zenu, na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama angeletewa zawadi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na ingawa ilihusu mtumishi wa zaka, sababu yake inakugusa wewe pia, kwa maana ungekaa kwenu Katuba, hakuna mwenye duka ambaye angekuletea kitu.

Njia ya halali ipo, wala si ngumu. Udalali umeruhusiwa, na Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba wanazuoni wa mwanzo, Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan, hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Mwambie mteja kabla hamjaingia dukani: "Mwenye duka huyu hunipa kitu nikimletea mtu." Akiridhia, ni chako. Asiporidhia, mwombe mwenye duka akigeuze kiwe punguzo la bei.

Ama vijana wanaokuja kwa siri, Mwenyezi Mungu ameamuru katika Suratun Nisaa, aya ya 6, mayatima wapewe mali yao wanapofikia umri wa kuoa na ikaonekana kwao busara. Na katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mtoto asiyebaleghe hasihi kuuza wala kununua mwenyewe. Aliyebaleghe lakini bado analishwa na wazazi, pesa aliyoishika huenda ni yao na wameitoa kwa jambo maalumu. Mvulana wa miaka 16 akikujia mwezi wa Septemba na dola mkononi akitaka viatu vya ngozi, muulize pesa ni ya nini, na ikiwa ni ya minervali, yaani ada ya shule, mrudishe nyumbani hata kama atakwenda kwa mwingine. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajatimiza miaka 18, basi aliye chini ya umri huo usimpokee mpaka uzungumze na mzazi wake, japo kwa simu. Sape, ile desturi ya Kikongo ya kuvaa kitanashati, imewafundisha vijana wetu usafi na kupanga rangi, lakini imewafundisha baadhi yao pia kukopa kwa ajili ya koti, ilhali Mtume (S.A.W.) ameruhusu kula, kunywa, kutoa sadaka na kuvaa bila israfu wala majivuno.

Msichana wa Kiislamu mchagulie cha kumsitiri mbele ya watu, na mapambo mengine yawe ya nyumbani na ya hafla za wanawake watupu. Kwa asiye Mwislamu kuna wasaa kiasi, kwani Umar alipewa na Mtume vazi la hariri, akampelekea ndugu yake mushriki aliyekuwa Makka. Hata hivyo nguo ya kuuanika mwili njiani usimchagulie yeyote, kwa kuwa tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Wavulana wapimwe na mwanamume mwenzao, wala usibaki nao faraghani. Picha za wasichana ziondoe. Ridhaa yao haitoshi, weka picha za nguo zenyewe.

Hukuuliza kuhusu mafuta ya kujichubua, lakini wanaowapamba vijana huombwa ushauri huo. Usimwelekeze msichana huko kamwe. Mengine yana zebaki, inayodhuru figo, na hakuna ruhusa ya kumdhuru mtu kwa jina la urembo.

Imebaki pesa uliyokwisha kupokea. Ujira ulioafikiana na wateja ni wako, ukiacha wa kazi ya nguo zisizofaa. Matabishi ya siri, wateja unaowajua waambie, uwarudishie au wakusamehe kwa ridhaa yao. Usioweza kuwapata, toa kiasi hicho sadaka kwa niaba yao. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.