Mwalimu mzoefu au bingwa mstaafu?

Ndugu, umeuliza kijana wako wa miaka 14 umpeleke shule binafsi ya wanamichezo inayoongozwa na mwalimu wa miaka mingi, au ile ya bingwa mstaafu. Mimi ningeenda kwa mwalimu, bila kusita.

Kocha mzuri unaweza kumwajiri. Kazi ngumu ni ratiba. Umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mazoezi yakianza alfajiri na masomo yakaisha usiku, usingizi ndio unaoibwa. Mkuu mzoefu analiona hilo kwenye karatasi, na ana ubavu wa kumwambia kocha hapana. Nilipofundisha shule ya namna hiyo, binti mmoja aliumia goti. Jioni ileile mkuu wetu alikaa kando ya kitanda chake na daftari la hisabati, wakapanga upya mitihani yake. Alilia, lakini aliendelea kusoma.

Ukitembelea, uliza aliyeumia mwezi uliopita anafanya nini sasa. Na kama kijana anaota vyuo vya Marekani, hakikisha masomo yanafikia yale 16 ya msingi ya sekondari ambayo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inadai kwa Daraja la Kwanza, ngazi yake ya juu ya mashindano. Liulize hilo mapema, kwani mwaka wa mwisho hayafidiki.