Jibu: Mtoto wa miaka 3 ameanza tena kukojoa kitandani

Pole sana dada. Umeuliza kama mwanao amerudia kukojoa kitandani na kupunguza maneno kwa sababu anaona unavyopigwa, au ni minyoo kama asemavyo mama mkwe.

Anza na kadi ya kliniki: mstari wa uzito umelala au unashuka? Mpeleke apimwe uzito, urefu na hiyo minyoo pia, ila mwambie muuguzi ukweli wa nyumbani. Mimi nilificha. Mwanangu akapewa dawa ya minyoo mara mbili na akaendelea kukonda.

Watu husema mtoto mdogo haelewi. Anaelewa! Wangu akisikia geti linafunguliwa alikuwa anaacha kijiko. Mtoto mwenye hofu kila siku hali wala halali vizuri, na mama aliyeumizwa hana nguvu ya kumbembeleza ale. Hilo si kosa lako.

Tulipohamia kwa dada yangu usingizi ulirudi kwanza, kisha uzito. Maneno yalichelewa.

Kwa hapa Tanzania piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukiwa na jeraha, omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Leo una mahali salama pa kulala?