Kwa nini Apple ina anwani milioni 16?

Umeuliza kwa nini Apple ina 17.0.0.0/8 nzima, yaani anwani zote za intaneti (IPv4) zinazoanza na 17, na kwa nini isinyang'anywe. Kabla ya 1993 bloku, yaani mafungu ya anwani, zilitoka kwa saizi tatu tu: anwani 256, 65,536 au 16,777,216. Ukiona 65,536 hazikutoshi, unaruka hadi milioni 16. Ni kama duka la sukari lenye kijiko, gunia na lori, basi. Aliyeomba mapema alipewa.

Kunyang'anya ni kugumu, maana bloku hizo zilitolewa kabla ARIN, shirika linalogawa anwani hizi Amerika Kaskazini, halijaanzishwa 1997. Nyingi hazikuwa na mkataba wa kumbana mwenyewe. Kuhama nako ni balaa: anwani zimeandikwa kwa mkono kwenye printa, mashine za kiwandani na kanuni za ulinzi wa mtandao. Sahau moja tu, mashine inakaa kimya na hakuna anayejua kwa nini.

Wapo walioachia wenyewe: Chuo Kikuu cha Stanford kiliirudisha 36.0.0.0/8 mwaka 2000. Chuo cha MIT, 2017, kilitangaza kuuza anwani karibu milioni 8 za 18.0.0.0/8 yake. Na hata zingerudishwa zote, zisingefika mbali: mwaka 2010 dunia ilikuwa inameza zaidi ya /8 moja, yaani anwani milioni 16, kwa mwezi.