Maswali ya Wasomaji: Nani Huziamuru Protini Mota Ziende au Zisimame?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma Biolojia kidato cha sita. Tumefundishwa kwamba ndani ya seli zipo protini zinazotembea juu ya mikrotubuli, yaani nyuzi zilizo kama reli, zikibeba mizigo, na kwamba kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli. Kwa nini basi hazitembei usiku na mchana hadi zimalize nishati ya seli? Na mzigo ukifika unapohitajika, nani huzisimamisha?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, michoro ya vitabuni huonyesha protini hizi zikiwa safarini daima, nayo hupotosha. Chukua kinesini, mojawapo ya protini mota hizo: ndani ya seli, nyingi hazitembei kabisa, bali zimejikunja na kujizima zenyewe.

Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, waliotumia neva nene za ngisi huko Woods Hole, Marekani. Ina vichwa viwili vinavyopokezana kushika mikrotubuli, kila hatua ikiwa na urefu wa nanomita 8, na huweza kupiga hatua zipatazo 100 kwa sekunde. Upande wa pili upo mkia, na breki iko hapo. Isipokuwa na mzigo, kinesini hujikunja, kisha kipande kifupi cha mkia huvishika vichwa vyote viwili kwa pamoja, hata visiweze kuachana wala kuitoa ADP, yaani mabaki ya ATP iliyotumika, iliyobaki ndani yake; na kwa kuwa ADP haijatoka, ATP mpya haina pa kuingia. Ndiyo maana nishati haipotei bure.

Breki hiyo hufunguliwa na protini unganishi zinazokuja na mzigo, ambazo huushika mkia na kuutoa vichwani. Mara nyingi moja haitoshi: majaribio yameonyesha kwamba kinesini-1, aina mojawapo ya kinesini, huamka pale protini unganishi JIP1 na FEZ1 zinapoishika kwa pamoja. Njia yenyewe nayo ina kauli, kwa maana protini MAP7 iliyo juu ya mikrotubuli huivuta kinesini-1 ipande, ilhali protini nyingine, tau, huizuia.

Uzito wa breki hii huonekana inapoharibika. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba hitilafu katika jeni ya KIF5A, inayotengeneza aina mojawapo ya kinesini ya neva, husababisha ugonjwa wa ALS, unaoua seli za neva zinazoendesha misuli. Hitilafu hizo hugusa mkia, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kinesini ya namna hiyo haijizimi ipasavyo, hukimbilia ncha za seli na kurundikana huko. Wengi wangetarajia neva kufa kwa sababu mota imelala. Hapa inakufa ilhali mota imekesha.

Daineni, protini mota nyingine inayobeba mizigo kuelekea katikati ya seli, nayo hujizima kwa kukutanisha vichwa vyake. Mwaka 2014 maabara mbili zilionyesha kwamba daineni ya mamalia husafiri mbali pale tu inapoungana na msaidizi wake, dainaktini, pamoja na protini unganishi kama BICD2.

Kuhusu kusimama, mfano unaoeleweka vizuri ni mitokondria, vitengeneza ATP vya seli, ndani ya unyuzi wa neva, ambao kwa binadamu huweza kufika mita moja. Mitokondria hushikwa na kinesini kupitia protini mbili, Miro na TRAK. Neva inapofanya kazi nyingi mahali fulani, kalsiamu huingia hapo. Miro huinasa kalsiamu hiyo, umbo lake hubadilika, na mitokondria husimama papo hapo, palepale ATP inapohitajika. Wapo wataalamu wanaosema kwamba kinesini hubaki imeshikamana na mitokondria lakini vichwa vyake huacha mikrotubuli, na wapo wanaosema kwamba huachia mzigo wenyewe. Kila upande una majaribio yake. Kalsiamu ikipungua, safari huendelea.